Minazi 41 ya babu

Juzi Alhamisi mwanangu wa kike karudi kutoka kuandikisha kitambulisho, vidole vyote kumi vyeusi, manake wanakupaka wino kidole kimoja kimoja halafu wanakibiringisha kwenye fomu, na hicho kitambaa cha kujifutia kilikuwa kimeshafutiwa na wote waliomtangulia foleni. Akaingia chumbani moja kwa moja kurudisha zile karatasi nilizompa, cheti changu, cha marehemu baba na kitambulisho cha babu, kwa sababu sisi watu wa pwani tukienda kutaka kitambulisho tumezoea kuulizwa mpaka babu zetu wamezaliwa wapi. Mara akatoka na fotokopi moja ambayo sikumpa, ilikuwa imejificha ndani ya ile bahasha ya kaki. Akauliza, "Mama, huyu aliyetia dole hapa, alikuwa amefungwa?"

Sikumjibu pale pale. Nilikuwa sijaiona hiyo karatasi tangu tumzike baba.

Ilikuwa Julai 2010. Chanzo cha karatasi hiyo ni siku ya matanga ya binamu yake baba, watu wako jamvini wamekula, mazungumzo yakaenda kwenye shamba la Kisauni kama yanavyoendaga kila tukikutana, na mmoja wa upande wa pili, kizazi cha mke mkubwa, akasema mbele ya watu, "Nyinyi hamna shamba pale, nyinyi wajukuu wa mjakazi." Baba hakusema neno. Alivaa viatu akatoka. Wiki mbili nzima hakulitaja hilo jambo, halafu jioni moja akaniita barazani, akaniambia, "Mama, wewe umesoma. Nenda Nairobi kwenye karatasi za serikali, uniletee nikaha ya nyanyangu."

Baba alikuwa akiniita mama tangu nizaliwe. Ukiitwa hivyo huwezi kusema la.

Hilo shamba liko ukishapita Kengeleni, pale inapoangikwa kengele ya Freretown, mahali wamishenari walipowaweka watumwa walioachwa huru tangu 1875. Mwenye shamba alikuwa babake babu. Mwaka 1908 ilitoka sheria kwamba kila mwenye ardhi huku pwani apeleke dai lake kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa na mtu iwe ya serikali ya Mwingereza. Ukanda wenyewe ulikuwa bado wa Sultani wa Unguja kwa jina, Waingereza wameukodi tangu 1895, lakini aliyekuwa akitoa hati ni Mwingereza. Basi wenye karatasi za Kiarabu na watu wa kuwaandikia wakapata hati, na wengi waliokuwa wakilima miaka yote bila karatasi, wakiwemo waliokuwa watumwa, wakaamka siku moja wanaitwa maskwota. Babake babu alipata hati. Alifariki 1923, na ugomvi ukaanzia hapo, haujesha mpaka leo.

Nilipanda basi la usiku. Nairobi mwezi wa saba baridi yake si ya mtu wa Mombasa, nilifika alfajiri nikakaa kwa mandazi na chai mpaka jengo la Nyaraka za Taifa likafunguliwa, lile la Moi Avenue lililokuwa benki ya Wahindi zamani, chini kuna vinyago na vitu alivyokusanya mzee Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, juu ndo kuna chumba cha kusomea. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Siku ya kwanza sikupata kitu. Siku ya pili sikupata kitu, nikapigiwa simu na baba mara nne. Siku ya tatu kijana mmoja anayeleta mafaili, Mungu ampe kheri alipo, akaniuliza natafuta nini hasa, nikamweleza, akaniambia dada usitafute ndoa, tafuta mirathi, watu wakigombana ndo huandikwa.

Akaniletea faili la 1924. Jalada limekatika mgongo, karatasi zimefungwa na kamba ya pamba iliyogeuka rangi, na pini imeshika kutu ikala karatasi ikaacha duara la kahawia. Nikaanza kusoma polepole. Jina la babake babu likatokea ukurasa wa kwanza, limeandikwa kwa namna tatu tofauti. Halafu wanawe wa mke mkubwa, mmoja mmoja. Halafu mtoto wa kiume, miaka kumi na tatu. Huyo ni babu.

Hapa lazima nieleze kidogo mambo ya faraidhi, yaani mgao wa mirathi wa Kiislamu, manake bila hayo huwezi kuelewa. Marehemu akiwa na watoto, mke hupata thumuni, sehemu moja katika nane, na wakiwa wake wawili wanagawana hiyo thumuni, yaani kila mmoja sehemu moja katika kumi na sita. Suria, yaani mjakazi aliyechukuliwa na bwana wake bila ndoa, yeye harithi kitu, bwana wake akifa anakuwa huru basi. Lakini mtoto wa suria, kama baba alimkubali, anarithi sawa kabisa na mtoto wa mke. Na mtoto asiye wa ndoa wala wa suria, huyo kwa babake hana chake.

Sasa hao ndugu zake babu walikuja na hoja gani? Walisema mama wa huyu mtoto hakuolewa, hakuna nikaha, hakuna mashahidi. Na suria naye hakuwa, kwa sababu serikali ilishaondoa utumwa 1907 na mtoto kazaliwa 1911, na mahali pasipo na mtumwa hapana suria. Kwa hiyo mtoto hana baba.

Niliisoma hiyo mara tatu na penseli mkononi. Yaani uhuru wake yule mama ndo waliutumia kumnyang'anya mwanawe. Hiyo sheria ya 1907 iliwalipa mabwana fidia kwa kupoteza watumwa wao, mtumwa mwenyewe hakulipwa hata pesa moja, na miaka kumi na saba baadaye ikarudi mlangoni kwake tena kumdai kile alichobaki nacho.

Nikageuza karatasi, nikamkuta.

Ukurasa mmoja tu, haukujaa. Umepigwa chapa kwa Kiingereza, mkalimani ameweka sahihi yake chini, na kando ya sahihi pana dole la zambarau. Sikusoma kwanza. Niliangalia lile dole. Wino ulikuwa mwingi upande wa kushoto, upande wa kulia umefifia na kuvutika kidogo kama mtu aliyeondoa mkono kwa haraka, au aliyeshikwa mkono akaondolewa. Mistari ya ngozi inaonekana moja moja, na katikati inakatwa na kovu la mshazari, kovu la kisu, la mtu anayefua nazi na kukata kuti kila siku ya Mungu. Karatasi ilikuwa na kibonde pale alipokandamiza. Miaka themanini na sita, na kile kibonde bado kipo, nilikipapasa kwa ncha ya kidole nikijua siruhusiwi kugusa hivyo. Huyu ndiye Bimkubwa, mamake babu. Hatuna picha yake. Kaburi lake hatulijui. Jina lake silitaji hapa kwa sababu wa upande wa pili wapo na tunazikana, lakini lilikuwa pale juu ya dole, na baada ya jina, binti Abdallah, jina wanalopewa wengi wasiojulikana baba zao, binti wa mja wa Mungu.

Halafu nikasoma. Nikikurudishia kwa Kiswahili ni hivi. Kwamba aliletwa kutoka Nyasa akiwa mgongoni mwa mamake. Kwamba mamake alikuwa mtumwa wa babake huyo marehemu mwenye shamba, na yeye alikulia nyumba ile ile. Kwamba marehemu alimchukua kabla serikali haijasema watumwa ni huru. Akaulizwa, je, baada ya hapo hukujua wewe ni huru? Akajibu, hakuna aliyekuja kuniambia. Akaulizwa, marehemu alikuoa? Akajibu, sikuolewa, nilikuwa suria wake, na huyu mtoto ni wake, alimpa jina mwenyewe na akamchinjia akika, mnyama wa kumkaribisha mtoto mchanga, mbele ya watu. Na mwisho, sidai kitu changu mimi, namdaia mtoto.

Nilikaa pale mpaka wakaanza kuzima taa.

Manake mimi nilitumwa nikaha. Tangu nipate akili nyumbani kwetu tunaambiwa Bimkubwa aliposwa, alitolewa mahari, babu mwenyewe alikuwa akisema hivyo na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Na hapa yeye mwenyewe, kwa dole lake, anasema hapana. Kwenye basi nikirudi nilipiga hesabu usiku kucha. Angesema ni mke, angetakiwa mashahidi, na angekosa mashahidi angeanguka yeye na mwanawe pamoja. Akisema suria, yeye anapoteza sehemu yake moja ya kumi na sita na anapoteza jina, lakini mtoto anasimama sawa na ndugu zake. Sasa alijua hivyo? Kuna mtu alimfundisha usiku ule kabla ya baraza? Au ndo ulikuwa ukweli tu, mwanamke kaulizwa akajibu? Sijui. Nimelala nalo hili swali miaka mingi.

Mwisho wa lile faili hapana hukumu hasa, wamesuluhishwa. Mtoto akapewa minazi 41, miti bila ardhi yake. Huku kwetu hilo si jambo geni, mnazi unaweza kuwa wako na mchanga unapoota ukawa wa mwenzio, kama vile nyumba nyingi za Mombasa kuta ni za mmoja na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi. Na pameandikwa asipande mingine.

Hapo nikamkumbuka babu. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinichukua Kisauni mwisho wa mwezi, anapita akigusa kila mnazi kwa kiganja na kuhesabu kwa sauti, na mimi nilidhani anahesabu asije akaibiwa, nikimfuata nyuma nikila dafu. Wakati wangu ilikuwa imebaki ishirini na kitu. Mmoja ukianguka kwa uzee hapandi mwingine, anakaa juu ya gogo kidogo, halafu tunaendelea. Kumbe alikuwa akihesabu urithi unaokufa mti mmoja mmoja. Wa mwisho ulikatwa walipouza lile shamba viwanja, babu alikuwa ameshaondoka, alhamdulillahi hakuuona.

Nilifika nyumbani saa moja asubuhi. Baba alikuwa barazani amevaa kanzu safi kama siku ya Idi. Macho yake wakati huo yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, herufi ndogo hazioni, akanyoosha mkono akaipokea ile fotokopi akaishika tu. Akaniuliza, "Umeiona nikaha?"

Nikamwambia, "Nimemwona mwenyewe, baba. Katia dole." Nikamshika kidole nikakiweka pale.

Akasema, "Nisomee."

Nikaanza. Nyasa, mgongo wa mamake, nyumba ile ile. Nikafika pale alipoulizwa kama aliolewa. Nikanyamaza, na baba akageuza uso kuelekea kwangu na yale macho meupe, na mimi nikawaza, haya maandishi ni ya mkalimani, ni Kiingereza cha mkalimani, neno alilolitamka Bimkubwa kwa ulimi wake halipo popote kwenye hii karatasi. Huenda alisema suria. Huenda alisema kitu kingine na mkalimani ndiye aliyechagua. Nikamsomea, "Nilikuwa wake."

Baba akatikisa kichwa taratibu. "Wake," akasema. "Si nilikwambia? Alikuwa katika wake zake."

Sikumsahihisha. Nikasoma mbele, akika, namdaia mtoto, mpaka chini kwenye sahihi. Akaniomba nirudie mahali pale, nikarudia vile vile, "nilikuwa wake," na safari hii nilijua ninachofanya. Akaikunja karatasi mara mbili akaitia kifuani mwa kanzu, na tangu siku ile mpaka alipofariki 2014 upande wa pili wakisema lolote yeye alikuwa akijibu kwa utulivu kabisa, "Karatasi ya serikali ninayo." Hakuna aliyewahi kumwambia aitoe. Kwenye kile kitabu chake cha ukoo alimtuma mjukuu wake aandike kwa mwandiko mzuri kwamba Bimkubwa alikuwa mke wa pili.

Mjukuu huyo ndo huyu mwenye wino. Mwandiko ni wake, alikuwa bado darasa la chini, babu yake anamtajia naye anaandika. Na Kiingereza anakisoma kuliko mimi.

Juzi alisimama pale mlangoni na ile karatasi, na kabla sijafikiria cha kumjibu nikaona macho yake yameshatoka kwenye dole, yanapanda juu, yanasoma. Midomo inacheza kidogo kama inavyochezaga akisoma kitu kigumu. Nikamwambia alete hiyo karatasi, ataichafua, akanawe mikono kwanza na sabuni ya jiwe ndipo tukae. Akaiweka kitandani. Pembeni pameshaingia alama yake nyeusi, dole zima, na maji ya bafuni nimeyasikia yakimwagika muda mrefu.