Siku moja maishani mwangu: mimi hulea watoto wa kobe Nakuru

Watu wakisikia natunza wanyama hapa Nakuru swali la kwanza ni simba wako wangapi. Hakuna simba. Mi ni mlezi wa kobe, hawa wa madoadoa wanaopatikana porini kuanzia huku hadi Baringo, na sa hii wengi nilionao ni watoto, mmoja anaingia kwa kiganja na vidole vinafunga. Basi swali la pili linakuja, ati kobe anatunzwa nini na yeye anakaa tu? Haya, twende kazini.

Saa kumi na mbili unusu natoka nyumbani mtaa wa Free Area na jaketi mbili. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800, na asubuhi baridi inauma kweli. Nikifika siendi chai, naenda kuangalia thamometa. Kobe hajitengenezei joto, akipoa na tumbo linasimama, chakula kinalala ndani bila kusagika. Usiku sitaki nyumba yao ishuke chini ya digrii 20, kwa hivyo kama taa ya joto imeungua usiku hiyo siku nimeianza vibaya.

Saa moja ni kuoga. Beseni, maji vuguvugu yasiyopita kidevu, dakika 15 hadi 20, wanakunywa na kujisaidia humo humo, nafuta, napima kwa mizani ya jikoni, naandika gramu. Hii nafanya kila siku na ndiyo siri ya gamba lisilo na vilima. Mtoto wa kobe akikaa pakavu, kila kipande cha gamba kinainuka kivyake, mgongo unaota vilima, na vikishaota havirudi chini tena maisha yake yote. Kuna mkubwa mmoja tuliletewa hivyo, wageni humpiga picha wakisema ni mrembo, mi hunyamaza tu. Lakini usikimbie kumwagia maji kila mahali, unyevu bila joto unaleta ugonjwa wa mapafu na gamba kuoza. Hivyo viwili viende pamoja.

Saa mbili chakula: nyasi, mukengeria ile ya sungura yenye maua ya bluu, mchunga, maua ya hibiskasi. Juu nanyunyiza chokaa kidogo ya kuku wa mayai kutoka agroveti. Spinachi hapana, inashika kalsiamu tumboni isifike kwa mfupa. Halafu nawatoa nje kwa jua, wavu juu kwa sababu ya kunguru, na kivuli upande mmoja.

Hadi hapo siku ilikuwa sawa. Saa tano kasoro kidogo gari safi likaingia, na kiti cha nyuma kuna sanduku la kioo limefungwa mkanda. Akashuka mzee, shati limepigwa pasi, akaniita.

"Msichana, wewe ndiye daktari wa kobe?"

"Shikamoo mzee. Hapana, mi ni mlezi, daktari atakuja mchana."

"Marahaba. Basi wewe utatosha. Huyu gamba imekuwa laini, nimekuja mnitengenezee, nina mkutano saa saba."

Akavuta kiti akakaa, anangoja kama mtu ameleta tairi la pancha. Nikafungua sanduku. Kobe mwenyewe ni wa mwaka na kitu, alimuokota barabarani Mogotio akampelekea mjukuu. Mgongoni maua mekundu ya rangi ya kucha, na juu ya maua mafuta ya kupikia, anang'aa vibaya sana. Nikabonyeza gamba pole pole, likabonyea. Sasa, kobe aliyetoka kwa yai juzi gamba lake hubonyea kidogo na si ugonjwa, lakini wa mwaka mzima linafaa liwe gumu. Nikamuuliza anakula nini. Ugali na maziwa, na spinachi akiwa mzuri. Jua je? Hapo mzee akakasirika, ati jua anapata asubuhi nzima, sanduku liko dirishani sebuleni, na hicho kioo kilimgharimu pesa nyingi.

Ndiyo nikaanza kumweleza kwamba kioo kinapitisha mwanga na joto lakini kinazuia miale ya UVB, na bila hiyo miale mwili wa kobe hautengenezi vitamini D, na bila vitamini D hata umlishe chokaa gunia zima mifupa haiipati, sasa wewe dirisha lako na sanduku ni vioo viwili. Akasema kwani gamba ni mfupa? Mzee, gamba NI mfupa! Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, juu ndiyo kuna ngozi ngumu ya kitu kile kile cha kucha, na ukimgusa anasikia. Akasema yeye alidhani ni kama nyumba, anaweza kutoka. Mtu mzima amesoma, kwa gari lile. Na mafuta? Mafuta ni ya kung'arisha, mama watoto alisema. Nikamwambia yanashika vumbi na uchafu, hayalishi chochote, akanijibu lakini si anapendeza.

Mswaki laini, maji vuguvugu, nikaanza kutoa mafuta huku ananiharakisha. Rangi akataka nitumie ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, ati anayo kwa gari, ya binti yake. Nikakataa, inadhuru, tutabandua kidogo kidogo siku zinavyoenda. Mkutano wake ukapita na bado anabishana. Mwisho nikamwambia lililobaki: hawezi kurudi naye, sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Akabadilika rangi, "Mnanishtaki?" La, ameleta mwenyewe, tunaandika alipookotwa na tunaripoti. Basi ati tumlipe gharama ya kumlisha. Ya ugali!

Chakula changu cha mchana nilikula nimesimama, githeri imepoa, sikumbuki saa ngapi. Daktari akaja, akataka picha ya mifupa na akaanza kalsiamu, akasema gamba linaweza kukaza lakini umbo litabaki hivyo.

Kisha mvua, ile ya Nakuru inayotoka upande wa Menengai bila kubisha hodi, nikakimbia kuwaingiza mmoja mmoja nahesabu, na nikimaliza tu stima ikapotea na jenereta haina petroli. Makaa siezi kuweka kwa chumba kimefungwa, moshi utawaua kabla ya baridi, kwa hivyo nikachemsha maji jikoni kwa gesi, chupa, taulo, nazungusha chupa pembeni, hiyo ikipoa nabadilisha, jikoni, chumbani, jikoni, miguu imelowa, thamometa inashuka 24, 23, 22, na huyu mpya nimemuweka peke yake asiambukize wengine kwa hivyo ni chupa zake kando. Mlinzi akaniuliza kama nalipwa ovataimu. Nikacheka.

Stima ikarudi giza likiwa limeingia. Nikahesabu tena, wako wote, nikapanda matatu.

Bado niko njiani mzee akapiga, namba alitoa kwa ofisi. "Amepona?" Mzee, mfupa haujengwi kwa siku moja, uliza mwaka ujao. Akanyamaza, kisha: "Na lile sanduku, mnaweza kununua?" Nikamwambia alete bure. Tukitoa kifuniko litafaa kupandia nyasi.