Siku yangu machinjioni Mbeya, na katezi kadogo karibu na figo

Saa 10 alfajiri nishaamka, Julai hii baridi ya Mbeya sio ya mchezo, gambuti, koti mbili, chai ya tangawizi ya chapchap natoka. Mimi ni mkaguzi wa nyama.

Saa 11 niko zizini nawaangalia ng'ombe kabla ya kuchinjwa, wengi wa Chunya na Mbarali, wamelala wanacheua wametulia kabisa. Mara kijana anaingia na fimbo, makelele, anamkunja maksai mkia, mnyama macho yanamtoka anahema anateleza kwenye sakafu. Nikamwambia mdogo wangu weka fimbo chini kwanza, nikamuelewesha palepale maana hili jambo naliamini sana.

Ng'ombe ana tezi za adrenali, mbili, jirani na figo. Katikati ya tezi kuna seli za kromafini, na kila seli ina maelfu ya vifuko vidogo vyenye adrenalini, homoni ya kuushtua mwili, ambayo IMESHATENGENEZWA, imefungashwa pamoja na ATP (molekuli ya kubeba nishati), kalsiamu na protini za kromogranini, vinashikana humo ndani ndo maana mzigo mkubwa unakaa padogo na kifuko hakivuti maji kikapasuka. Vingine vimeshasogea mpaka kwenye utando wa seli, kama daladala iliyojaza inasubiri tu konda agonge bodi. Sasa hofu ikiingia, neva inamwaga asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe, juu ya seli, milango inafunguka kalsiamu inaingia, protini zinazoitwa SNARE zinajisokota zinakivuta kifuko kiungane na utando, tundu linafunguka na adrenalini iko kwenye damu. Hata sekunde haiishi! Moyo unaenda mbio, misuli inaanza kuchoma glaikojeni yake, yani sukari ya akiba.

Saa 1 uchinjaji umeshika kasi. Nina binti wa fildi, nikamchania tezi moja aone, gome la nje la njano-kahawia na kiini chenye rangi tofauti, mpaka unauona kwa macho. Akauliza mkuu, na kotisoli, ile homoni nyingine ya msongo, nayo inakaa kwenye vifuko? Swali zuri mno. Hapana, hiyo gome linaitengeneza kutoka kwenye kolesteroli pale amri ya homoni ya ACTH inapofika toka kwenye tezi ya pituitari, ikishakuwa tayari inapenya utando yenyewe, ndo maana inachukua dakika kadhaa. Alafu damu ya gome inapita kiinini, na kotisoli hiyohiyo inachochea kimeng'enya kinachogeuza noradrenalini kuwa adrenalini, yani majirani wanategemeana, mimi hapo huwa nasisimka kabisa.

Saa 3 nikakuta paja jeusi, kavu, linanata kidoleni. Huyo alisafirishwa usiku kucha akashushwa akachinjwa bila kupumzika, glaikojeni ikaisha njiani, asidi ya laktiki inayotokana nayo baada ya kuchinja ikawa kidogo, pH (kipimo cha uasidi) haikushuka kufika kwenye 5.5 hivi, na nyama ya hivyo inaharibika haraka. Mwenye bucha analia hasara na ng'ombe kateseka bure, inaniuma.

Mchana mihuri na ripoti, hayo ya kawaida.

Saa 10 jioni nikamfuata msimamizi wa zizi. Adrenalini damu inaisafisha ndani ya dakika chache, ila glaikojeni kurudi inataka malisho na mapumziko ya siku kadhaa. Tumekubaliana lori likichelewa ng'ombe wake hawachinjwi alfajiri ile, wanalala, wanakunywa maji, wanakula, na fimbo zinabaki nje ya geti.