Jinsi Nilivyopata Kopo la Kumwagilia Linalofaa Vyungu vya Roshani

Kopo langu la kwanza la kumwagilia lilikuwa la lita 10, nami nililichagua kwa kudhani kwamba ukubwa wake ungenipunguzia safari za bombani. Nilisahau kwamba lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Likijaa, ilinibidi niliinue kwa mikono miwili juu ya vyungu vilivyobanana, na maji yalitoka kwa nguvu kiasi cha kuchimba udongo, kuacha mizizi ya miche wazi na kudondokea roshani ya chini, jambo ambalo jirani hakulifurahia hata kidogo.

Nililiweka kando, nikanunua la plastiki la lita 4 lenye mdomo mrefu na mwembamba, unaopenya katikati ya majani na kufikisha maji shinani. Kichwa chake chenye matundu madogo huchomolewa: nakipachika kwa ajili ya mbegu na miche, nakiondoa kwa mimea iliyokomaa. Kabla ya kulipia, nililijaza maji palepale dukani (muuzaji alinishangaa) ili nijue kama mkono mmoja ungetosha. Sasa namwagilia polepole, nikikoma mara maji yanapoanza kuchuruzika kwenye kisahani cha chungu.