Akataka Kibao

Somo: Luka 1:57–66

Wapendwa katika Kristo,

Juma hili tunaadhimisha kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, tarehe 24 Juni. Mahubiri ya sikukuu hii kwa kawaida humwendea mtoto: atakuwa nani huyu, na mkono wa Bwana uliokuwa pamoja naye. Mwaka huu naomba tukae zaidi na baba yake, mzee Zakaria, kuhani aliyeingia hekaluni na sauti yake akatoka akiwaashiria watu kwa mikono. Nina sababu ya kumng'ang'ania. Wengi wenu hapa Masasi mnamjua binti yangu, ninayemwita mama kwa kuwa amebeba jina la mama yangu mzazi. Ana miaka saba. Alichelewa kulia alipozaliwa, akachelewa kukaza shingo, akachelewa kukaa na kutembea, na mpaka leo maneno yanayomtoka kinywani ni ya kuhesabu.

Tuanzie kwa Elisabeti. Siku ya nane majirani na jamaa wamekuja kumtahiri mtoto, na wameshaamua aitwe Zakaria kama baba yake. Mama anakataa, anasema ataitwa Yohana. Amelijulia wapi jina hilo? Malaika Gabrieli alimtajia Zakaria, wakiwa wawili tu penye madhabahu ya kufukizia, na Zakaria akarudi nyumbani bubu. Wapo wanaosema Roho ndiye aliyemfunulia, nami sibishani nao. Lakini kila nikisoma naiona nyumba ambamo mume na mke walizungumza miezi yote ile kwa macho, kwa mikono na kwa kuzoeana, hata wakakubaliana jina la mtoto.

Jamaa hawakumwamini. Walimwambia hakuna mtu katika ukoo wake mwenye jina hilo. Kina mama wenye watoto wasiosema wanayajua majibu ya namna hiyo. Mke wangu akisema, "Huyu anataka kutoka, joto limemzidi," hakosi mtu wa kumwuliza, "Umejuaje, kwani kasema?" Amejua kwa sababu mtoto ameutazama mlango, akamtazama mama, kisha akarudi kuutazama mlango. Hayo tayari ni mazungumzo. Watoto wengi huanza kuonyesha vitu kwa kidole wanapokaribia mwaka mmoja, na anayeonyesha kitu huku akikutafuta macho ameshajua kwamba wewe una mawazo yako na kwamba anaweza kuyavuta yaende kwenye lake. Binti yetu alifika hapo akiwa na miaka minne. Kabla ya hapo alikuwa anakushika kifundo cha mkono na kuusukuma mkono wako mpaka kwenye kitu anachokitaka, usoni hakutazami kabisa. Alipoanza kunyoosha kidole na kugeuka kututazama, mimi na mke wangu tulimshukuru Mungu kwa machozi, ingawa mgeni aliyekuwapo nyumbani hakuona kilichotokea.

Niwasimulie jambo la msimu uliopita wa ming'oko, vile viazi vya porini. Bibi yake alikuwa mkekani jioni, ameipua sufuria, anamenya na kuweka kwenye sahani. Mtoto akasogea, akanyoosha kidole kwa kaka yake, aliyekuwa mbali kidogo akimalizia kazi za shule kabla giza halijaingia. Kisha akamtazama bibi. Bibi akampa kipande. Akakirudisha sahanini, akaonyesha kwa kaka tena, safari hii na sauti, "eh, eh." Bibi akamwuliza kwa Kimakua kama ni cha kaka yake, akatulia, akamsubiri. Mtoto akakichukua kipande, akaenda nacho kwa miguu yake ile isiyokaza vizuri, akakiweka juu ya daftari la kaka. Ndipo akarudi kudai chake.

Wapendwa, sisi tunafundishwa miaka na miaka kuwaombea wenzetu kwanza. Huyu hana sala hata moja anayoweza kuitamka, na jambo hilo alilifanya mbele yetu kwa kidole. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Zamani niliichukua aya hiyo kuwa ni ya siku za msiba. Siku hizi naisoma pia nikimtazama mwanangu, na naamini kwamba Mungu asiyehitaji maneno yangu hahitaji na ya kwake.

(Hicho Kimakua cha bibi tulishauriwa tukiache, eti lugha mbili zitamchanganya. Hazimchanganyi. Watoto wenye shida ya usemi hujifunza lugha mbili kama watoto wengine wanavyojifunza, kwa mwendo wao, na bibi ndiye mwenye subira kuliko sisi sote. Hatukuona sababu ya kumnyamazisha.)

Turudi kwa wageni wa Zakaria. Luka anasema walimwashiria, kana kwamba na masikio yake yameziba. Huenda yalikuwa yameziba kweli, wako wanaolisoma hivyo. Ila mzazi mwenzangu ataniunga mkono: mtu asiposema, watu humfanya kiziwi pia. Binti yangu alipimwa masikio hospitali kabla ya kitu kingine chochote, na ndivyo inavyopasa kwa kila mtoto anayechelewa kusema, kwa maana mtoto asiyesikia njia yake ni nyingine, na akiwahiwa lugha ya alama anasonga mbele vizuri. Ya binti yangu yanasikia. Bado watu humpigia kelele.

Zakaria akataka kibao. Luka haelezi ni nani aliyekwenda kukileta, nami namfikiria sana mtu huyo. Kelele zimejaa, kila mmoja ana neno juu ya jina, na mmoja anaona mzee anachora hewani, anaelewa, anaondoka kutafuta kibao. Zakaria akaandika, "Jina lake ni Yohana." Wote wakastaajabu.

Kibao chetu ni vipande vya boksi la sabuni. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno nchini, na sisi wa kusini tumezoea kuambiwa twende Dar es Salaam. Lakini mhudumu wa fiziotherapia aliyetupokea alitufundisha ya kuanzia. Keti chini uso wako ulingane na wake. Taja kile anachokitazama yeye, si unachokitaka wewe. Mwonyeshe vitu viwili achague. Ukiuliza, nyamaza, hesabu moyoni mpaka kumi, usimjibie. Na picha: kikombe, sahani, choo, mkeka, uso unaolia. Kaka yake ndiye aliyezichora, tukazitoboa na kuzifunga kwa kamba, anazivaa shingoni.

Nilipozileta kanisani mara ya kwanza, mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Baba, ukimzoesha picha atakuwa mvivu wa kusema." Ni hofu ya wazazi wengi. Waliochunguza jambo hili kwa miaka mingi hawakuona picha wala ishara zikimzuia mtoto kusema. Kwa wengi husaidia, kwa sababu mtoto anayeeleweka hulia kidogo na hujaribu zaidi. Na tazameni mpangilio wa Luka. Zakaria aliandika kwanza. Papo hapo kinywa chake kikafunguliwa, na kilichofuata ni ule Wimbo wa Zakaria tunaousema kwenye Sala ya Asubuhi.

Binti yangu sasa ana "ma." Kwa miezi mingi "ma" ilikuwa maji, ikawa mama, ikawa na maembe yalipoiva. Akisema "ma" huku ameshika kikombe kilichochorwa, hakuna wa kuuliza tena umejuaje. Hata muuza duka amempa maji.

Kuna neno gumu nisilotaka kulikwepa. Zakaria alifungwa kinywa kwa kuwa hakuamini, na wapo wanaoichukua aya ya 20 ya sura hii na kuibandika kwa watoto wetu: mama alikosa nini, ukoo una deni gani. Ile ilikuwa ishara kwa mtu mzima mmoja, na malaika alimweleza mwisho wake. Wanafunzi walipomwuliza Bwana juu ya yule aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, alijibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Mimi nimeshika hapo. Na mnaoshauri mtoto akakatwe kimeo ili ulimi ufunguke, nawasihi kwa jina la Yesu mwache. Kimeo hakimzuii mtoto huyu kusema, na kukikata mitaani kumewavujisha watoto damu hadi kufa.

Tunaombewa sana, nasi tunashukuru, endeleeni. Mimi mwenyewe kila usiku naomba aseme. Lakini nawaombea na ninyi mjifunze lugha yake kama ilivyo leo. Askofu Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alipowaleta watu walioachiwa huru kutoka utumwani mpaka hapa Masasi mwaka 1876, alikuwa ameshaketi miaka mingi Unguja akijifunza Kiswahili neno kwa neno. Hakuwangoja wenyeji waseme Kiingereza ndipo wasikie Injili. Kanisa lililoanza hivyo linaweza kujifunza ishara chache za mtoto. Kiganja kifuani maana yake ni "mimi pia." Akikuvuta kanga au shati anakusalimu. Wakati wa kupeana amani usiushike mkono wake na kuutikisa upite, mnyooshee wako, ungoje. Ataleta. Huchukua muda, na Padre ameshasema hana haraka.

Wiki hii salfa inapulizwa kila shamba na najua tuko mbiombio na mikorosho. Hata hivyo Jumapili baada ya Misa nitakuwa chini ya mwembe nje ya kanisa na mkasi, maboksi na gundi. Mwenye mtoto anayechelewa kusema aje naye, hata kama hajawahi kumtoa nje ya uzio. Walimu wa Shule ya Jumapili waje pia, kwa sababu picha za kanisani bado hatuna: kengele, mshumaa, wimbo, Padre, amani, choo cha nyuma. Watoto wanaojua kuchora waje na penseli zao.