Nilipoiba maji ya jirani, Bidiyah

Mlango wa ndege ulipofunguliwa Maskati, Oman, mwanzoni mwa Julai, nilidhani ni injini inayonipulizia. Nikashuka ngazi, nikaiacha ndege nyuma, na moto ule ukanifuata mpaka ndani ya basi. Mtoto wa shangazi aliyekuja kunipokea alicheka tu. "Hapa kuna bahari, kaka. Ngoja tufike shamba."

Shamba lenyewe liko Bidiyah, Sharqiya ya Kaskazini, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini. Barabara inapita Bidbid, inakata milima isiyo na hata unyasi wa kumfichia panzi, inafika Ibra, na mbele ya hapo milima inakwisha. Mkono wa kulia ukaanza mchanga mwekundu, umejiinua kama wimbi lililosahau kuvunjika. Chini yake palikuwa na mstari wa kijani. Hiyo ndiyo mitende, na nyumba ya shangazi imo humo.

Shangazi amezaliwa Pemba. Aliondoka kisichana baada ya 1964, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi, ukoo wao ukawa miongoni mwa waliorudi katika nchi ambayo wengi wao hawajapata kuiona. Amekaa huko zaidi ya miaka hamsini, ameolewa na mtu wa hapo hapo Bidiyah, lakini Kiswahili chake hakijapigwa na jua hata kidogo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Lo, umekonda! Kwani Unguja siku hizi hawapiki?"

Nilikwenda nikijua nakwenda kupumzika. Kumbe nimekwenda msimuni. Joto lile, ambalo wenyewe wanaliita kaidhi, ndilo linaloivisha tende, na mtu anayekaa ofisini Maskati mwaka mzima hujikuta anarudi shamba wakati huo huo ambao mgeni mwenye akili angekimbia. Nyumba ya vyumba vitano ililala watu kumi na tisa. Nilihesabu magodoro. Shangazi anasema zamani ilikuwa zaidi: watu wa Sur, kule pwani, walikuwa wakija Bidiyah na ngamia zao na watoto wao, wanakaa chini ya mitende mpaka tende ziishe, kisha wanarudi baharini.

Siku ya kule imegeuzwa ndani nje. Saa kumi alfajiri taa zinawaka. Baada ya sala wanaume wanakaa kwenye jamvi nje ya ukuta, inapita kahawa na sinia la tende mbivu laini zilizochumwa usiku ule ule, bado zina umande wake. Kuna khalas, rangi ya asali, na kuna khunaizi, nyekundu. Mimi niliyekulia tende za boksi la Ramadhani, zile zilizoshikana kama lami, nilikula mpaka ami, mume wa shangazi, akanitazama kwa jicho la huruma akanisogezea maziwa ya mtindi: "Kunywa, utaungua tumbo." Kazi inafanywa mpaka saa tatu asubuhi. Baada ya hapo milango inafungwa, mapazia yanashushwa, na nchi inakufa. Hata serikali imekubali: Juni mpaka Agosti ni marufuku kuwafanyisha watu kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Siku ya pili nilijifanya mjuaji, nikatoka peku kufuata kandambili zangu zilizobaki barazani. Hatua nne. Nilirudi kwa kuruka kama ngedere na shangazi hakuacha kunisimulia kwa kila mgeni aliyeingia.

Jioni watu wanafufuka. Na usiku, hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa Sur walikuwa wanahangaika na ngamia. Kinavuma kiupepo kutoka upande wa mchanga, kikavu, kinakuja na baridi yake, na vitanda vinatolewa uani. Ami alinyoosha kidole gizani akasema, "Kosi." Nikamwuliza arudie. Kosi. Ni kusi yetu ile ile inayovipeleka vyombo kaskazini. Nimekwenda kuikuta imelala jangwani.

Sasa tende. Kuna mtende unaitwa mabsali ambao matunda yake hayangojwi yalainike. Yanakatwa yakiwa bado magumu, ya manjano, yanachemshwa. Mkwezi wa kule hatii kitanzi miguuni kama wetu wa minazi. Anajifunga mshipi mpana wa kamba nyuma ya kiuno, unauzunguka mti, naye anaegemea nyuma kana kwamba yuko kitini, anaurusha juu hatua kwa hatua huku miguu ikikanyaga vigutu vya makuti yaliyokatwa. Nilijaribu. Nilipanda kimo cha mtu mmoja na nusu, vigutu vikanipasua nyayo, wakanishusha. Kole likikatwa haliangushwi. Linateremshwa kwa kamba, taratibu, na watoto wanangoja chini na ndoo.

Kuchemsha kunafanywa kwenye masufuria makubwa ya shaba yaliyojengewa jiko refu la udongo, moto unakokwa na makuti makavu. Tende zinaingia, zinachemka robo saa au zaidi kidogo, anayesimamia anaonja moja, anatingisha kichwa, anaonja nyingine, mpaka anasema basi. Harufu yake ni kati ya sukari guru na nazi inayoungua. Jua limeshachomoza, moto huu hapa, na watu wanaimba! Kisha zinamwagwa uwanjani zikauke kama wiki moja. Sehemu kubwa ya tende hizi inauzwa India, ambako wanazitia kwenye vyakula vitamu na hata kwenye shughuli za harusi.

Uwanja ule ndio uliomtoa shangazi ndani. Asubuhi yote hakuonekana. Tende zilipomwagwa tu, akaja na kigoda chake na mtandio umefungwa kiunoni, akawapanga wajukuu mstari. Wachambue vikonyo, watupe zilizopasuka, wageuze, wasikanyage. Nikaona anachofanya. "Shangazi, hizi si karafuu," nikamwambia. Akanijibu bila kuinua uso: "Makonyo ni makonyo. Na mvua ikija utaona kama si karafuu." Mvua ya wapi, jua lile? Lakini jioni alinituma nikatazame mawingu upande wa milima, na nilipokawia akaenda mwenyewe.

Niseme pia nilivyoaibika juu ya mbuzi. Kijana wa Kibangladesh anayelitunza shamba alipita na mzigo wa majani mabichi kichwani, ami akamwuliza kwa Kiarabu kama mbuzi wameshapewa "gat". Nikashtuka, maana mirungi kwa Kiarabu ni "qat". Mbuzi wa hapa wanatafuna mirungi? Nilikaa na siri hiyo siku mbili nikiwatazama wale mbuzi macho, naona kweli kama wamechangamka. Kumbe "gat" yao ni lusini, majani ya mifugo, yamelimwa vijaruba chini ya mitende.

Chini ya mitende ndiko kuliko na bustani hasa. Mitende juu ndiyo paa, chini yake ndimu na miembe, chini zaidi lusini, vitunguu, na pembeni karibu na jiko, kwa amri ya shangazi, mihogo, mchicha na kichaka cha mrihani. Vyote hivyo vinakunywa kwa zamu. Maji ya Bidiyah yanatoka kwenye falaj, mfereji unaoanzia kisima cha mbali, ukasafiri chini ya ardhi kwa kushuka kidogo kidogo mpaka utokeze kwenye mashamba bila pampu wala farasi wa kuvuta. Oman ina kama 3,000 za aina hiyo bado zinafanya kazi, na tano kati yake ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Wazee wanasema ni Nabii Sulaiman bin Daud aliyepita angani akaiona nchi imekauka, akawaamuru majini wachimbe. Ukiingia ndani ya mfereji ukaona unavyopita kwenye mwamba, utakubali haraka kuwa si kazi ya watu.

Maji yale hayana mwenyewe, ila wakati wake una mwenyewe. Siku imegawanywa mafungu ya nusu saa nusu saa, na kila fungu linaitwa athar, ndilo hilo hilo neno letu "athari". Zamani mchana walipima kwa kijiti na kivuli, usiku kwa nyota. Siku hizi kuna saa ya mkononi. Ami ana athar tatu kila siku ya tisa. Ndiyo maana shangazi ukimwuliza tutakwenda lini sokoni, hakutajii Jumanne wala Jumatano. Anakwambia, "Kesho ya maji."

Mimi sikuwa nimeyaelewa yote hayo nilipojitembelea alasiri moja pembeni ya mfereji. Nikaona maji yanapita kwa fujo, na mndimu wa shangazi majani yamejikunja. Mlango wa kuingilia shambani umezibwa kwa jiwe na kitambara. Nikalisukuma jiwe kwa mguu. Maji yakaingia, yakazunguka shina, nikakaa kitako kuyatazama, moyo baridi, nikajiona nimefanya thawabu.

Jirani alitokea bila kelele, mzee mwenye kilemba na fimbo. Alilitazama jiwe, akanitazama mimi, akatazama saa yake. Hakunitukana. Aliinama akaziba, akaniambia kitu kwa Kiarabu nisichokielewa na akaenda zake. Nilikielewa usiku, barazani, mbele ya wanaume wote. Ami alisikiliza, akauliza ni muda gani. Mzee akasema dakika ishirini. Mimi nikasema haiwezi kupita kumi na tano. Shangazi, ndani, nikamsikia anasema kwa Kiswahili ili nisikie mimi peke yangu: "Nyamaza, mwizi hapimi."

Zamu ya ami iliangukia saa nane usiku, siku mbili kabla sijaondoka. Aliniamsha yeye mwenyewe. Tukakaa ukingoni, miguu majini, tochi imezimwa, tunasikia maji yanavyoingia kijaruba kimoja, kikijaa yule kijana anafungua kingine kwa jembe. Ami hakuzungumza. Robo saa kabla ya zamu kwisha aliinuka, akalisukuma jiwe mahali pake, akapiga ukelele mmoja kuelekea upande wa pili. Huko gizani nikasikia jembe la mzee linaanza kazi. Kijaruba cha mihogo ya shangazi kilibaki kikavu.

Nimesharudi Unguja. Shangazi hunipigia simu Ijumaa, ananisalimia, ananiuliza habari za kila mtu, na hakati kabla ya kunifikishia salamu za jirani: anauliza lini nakuja kumalizia dakika tano zilizobaki.