Tatuu mbichi, kazi ya saluni na joto la Dar

Msusi akitaka kuchora tatuu mkononi, cha kwanza kufikiria ni ratiba. Mikono yangu hushinda kwenye maji, shampuu na dawa za nywele. Kwa hiyo nilichora Jumapili jioni, maana hapa kwetu Sinza Jumatatu na Jumanne saluni hupooza. Nikapatana na mwenzangu wa kazini aoshe vichwa na kupaka dawa, mimi nibaki na kusuka mpaka nipone. Mchoro ni tawi la asumini, linaanzia chini ya kiwiko kwa ndani na kushuka hadi karibu na kiganja.

Nilikuwa natamani begani. Nikaacha kwa sababu dada yangu alitoboa masikio akaota keloidi, yale makovu yanayovimba na kuendelea kukua hata kidonda kikishapona. Sisi watu weusi tunayapata zaidi, tena yanapenda kifua, mabega na ndewe za masikio, na mara nyingi yanatembea kwenye familia. Mkono wa ndani una nafuu. Kama keloidi ni za kwako mwenyewe, mimi ningesema usichore kabisa.

Mchoraji alinifunga plastiki nyembamba, ile ya kufunikia chakula, akasema nisilale nayo. Nilipoifungua usiku kulikuwa na majimaji yanayoteleza, wino uliochanganyika na damu kidogo. Haikunishtua. Sindano hupita hapo mara maelfu na kushuka milimita 1 hadi 2, mpaka tabaka la pili la ngozi, kwa hiyo tatuu mbichi ni kidonda, hata iwe nzuri vipi.

Na kidonda kinaoshwa kwa maji gani? Bomba letu hutoa maji siku linapotaka. Siku nyingine zote tunatumia ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi, ukioga unaihisi mdomoni. Nikawa nachemsha maji, yakipoa nayahifadhi kwenye chupa safi yenye kifuniko. Asubuhi na usiku nanawa mikono kwanza, namimina maji juu ya mchoro, nachukua tone la sabuni ya maji ya watoto isiyo na manukato, nazungusha vidole taratibu hadi ule utelezi uishe. Nikishasuuza, nakausha kwa tishu ya jikoni, naigusisha tu bila kufuta. Taulo la bafuni niliona lisikaribie kabisa, lina nyuzi na unyevu wa tangu juzi.

Kwenye mafuta kila mtu ni daktari. Mama alileta mafuta ya nazi. “Mwanangu, wewe nimekulea na haya haya.” Nikamwambia, “Asante mama, nitayapaka nikishapona,” akanijibu kwamba nikishapona anifute na hilo ua, maana hata kuolewa bado. Mteja mmoja akasema niipake spiriti ikauke haraka. Spiriti inaunguza ngozi mpya na kuikausha mpaka ipasuke. Nilichokiogopa zaidi kilikuwa duka la dawa mtaani, ambako muuzaji alinipa tyubu ya krimu ya mseto, zile zinazouzwa kwa fangasi, upele na kila kitu. Nyingi zina steroidi ndani yake, dawa ya kushusha uvimbe, na steroidi huchelewesha kidonda kufunga. Nikamrudishia. Nilitumia losheni nyepesi isiyo na harufu, kiasi cha punje ya kunde kwa mkono mzima, baada ya ngozi kukauka vizuri chini ya feni. Mafuta mazito kwenye joto hili yanafungia jasho chini yake, na hapo ndipo vipele huanza. Watu wa nchi za baridi wanashauriana kupaka mara nyingi kwa siku, lakini Dar mara mbili zinatosha, ya tatu ni ukiona ngozi inavuta.

Usiku nilitandika khanga safi juu ya shuka, nikawa naibadilisha kila siku. Umeme ulipokatika, feni ikasimama, nikaamka asubuhi khanga imegandia mkononi. Usiivute. Unailowanisha kwa yale maji ya chupa, unasubiri, inaachia yenyewe. Ukivuta unang'oa vigaga pamoja na wino.

Kazini nilivaa blauzi ya pamba yenye mikono mirefu na mipana. Vipande vya rasta vinarukaruka na kujichomeka popote, na zile ncha tunazochovya kwenye maji ya moto zinamwaga matone. Sikuizungushia plastiki nikiwa kazini, kwa sababu kushinda na jasho ndani ya plastiki ni kubaya kuliko vumbi.

Jambo moja linalonikera ni maelekezo mengi ya mtandaoni kusema “angalia kama pamekuwa pekundu”. Ngozi yangu ni nyeusi, wekundu hauonekani kirahisi, pakivimba huonekana peusi zaidi au zambarau. Nikawa natumia mgongo wa mkono. Naugusisha kwenye mchoro, kisha mahali hapo hapo kwenye mkono mwingine, napima joto. Siku za mwanzo mchoro ulikuwa wa moto na umevimba kidogo, halafu kila siku ukapungua. Huo ndio mwelekeo unaotakiwa. Joto likirudi baada ya kupungua, maumivu yakiongezeka, usaha ukatoka au homa ikaja, hapo hakuna cha losheni, ni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kisha ngozi ikaanza kubambuka. Vipande vyembamba vilikuwa vinatoka na weusi wa wino, na mchoro ukabaki umefifia kama uko nyuma ya kioo chenye mvuke. Mwenzangu wa saluni aliona huruma: “Dada, pesa imeliwa!” Haikuliwa. Kinachotoka ni tabaka la juu, ambalo ngozi hulibadilisha siku zote. Wino unaobaki uko chini, umemezwa na chembe za kinga za mwili, na chembe hizo zikifa nyingine zinaumeza tena, ndiyo maana tatuu haihami. Ule ukungu huondoka ngozi mpya ikikomaa. Juu hufunga kwa wiki 2 hadi 4, chini huchukua miezi.

Mwasho ndio ulinitesa, hasa saa za mchana nikiwa na kichwa cha mteja mikononi. Kukwaruza ni marufuku. Nilikuwa napigapiga kwa kiganja juu ya blauzi, na jioni naweka kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Ukucha ukipita hapo unaweza kuacha doa lisilo na wino.

Wenzangu wakapanga kwenda baharini Kigamboni, nami nikabaki mchangani chini ya mwavuli nikiwashikia simu. Walinicheka mpaka nilipowasimulia kisa kilichoandikwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 2017: mwanamume wa Marekani aliyeogelea Ghuba ya Meksiko siku 5 baada ya kuchora tatuu, bakteria wa maji ya chumvi wakamwingia, akafa. Ini lake lilikuwa tayari bovu, kwa hiyo si kila atakayeogelea atakufa, lakini wiki chache za kukaa nchi kavu hazinipunguzii kitu. Na jua nilikuwa nalikwepa vile vile: nikipanda bodaboda mkono unakuwa ndani ya blauzi, na krimu ya kuzuia jua nilianza kuipaka ngozi iliposhafunga kabisa, si kabla.

Mchoraji aliponikagua aliridhika, isipokuwa petali moja karibu na kiganja ambayo wino wake ni hafifu. Pale mkono hukunjwa kila saa ninaposuka, hilo tulilijua tangu mwanzo. Ataipitia tena bila malipo, ila tumekubaliana iwe baada ya Idi. Kabla ya hapo wateja hawaniachi.