Mabakuli ya maji ndiyo yaliyonichagulia miti

Kila ikikaribia Novemba simu yangu haipumziki. "Kaka, nipande mti gani unaokua haraka, nataka kuuza kuni?" Swali halina ubaya. Kinachoniudhi ni wauza miche waliowazoesha watu kuuliza hivyo, maana mteja hawamuulizi shamba lake liko mlimani au bondeni.

Nami niliuziwa hivyo hivyo mwaka 2013. Nina ekari 2 nje kidogo ya mji wa Njombe, huku kwenye mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari, na shamba linateremka hadi kijitoni. Muuzaji akanipa milingoti (mikaratusi) chotara ya aina mbili, grandis na kamaldulensis; ni kloni, yaani miche iliyozalishwa kwa vikonyo vya mti mmoja, si kwa mbegu. "Inakua kama mchicha, miaka mitano unakata." Miche, usafiri na vibarua vikala laki tano na ushee. Nilipanda Desemba, na kufika Mei miti ilikuwa kiunoni. Nilikuwa napita kila jioni kuitazama.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Juni, mbingu nyeupe, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Umande ulikuwa umeganda, bonde zima kama limemwagiwa chumvi. Saa nne jua lilipopanda, majani yakaanza kulegea na kuwa meusi, kama mboga iliyotiwa maji ya moto. Nilikwaruza gome kwa ukucha, chini yake pakawa pa kahawia, pamelowa. Ya bondeni haikubaki hata mmoja, kwa sababu kloni zote ni damu moja: baridi inayoua mmoja inaua yote iliyosimama nao. Ya juu iliungua ncha tu.

Mzee jirani alinikuta nimesimama pale. "Kamwene, mwanangu. Huku chini sisi tulilima vinyungu, bustani za bondeni za kiangazi. Miti hatukuweka."

Neno lake ndilo lililonifungua macho. Hewa ya baridi ni nzito; usiku mtulivu inatiririka kama maji na kutuama chini. Basi lazima ina kina chake, nikawaza, na kina kinapimika. Nikanunua mabakuli 12 ya plastiki yanayolingana, nikayajaza maji sawasawa, nikayapanga mstari mmoja kutoka kijitoni hadi kileleni, kila hatua 20 bakuli moja. Kwa asubuhi 9 za Juni na Julai tuliamka kabla ya jua, mimi na tochi, mke wangu na daftari. Matatu ya chini yaliganda hadi unanyanyua kipande cha barafu kama kioo cha dirisha. Ya katikati yalikuwa na utando, ukigusa kwa kidole unapasuka. Manne ya juu yalibaki maji matupu. Usiku wa mawingu hakuna lililoganda. Tukachomeka vigingi palipobadilika, na vile vigingi ndivyo vikawa mipaka yangu.

Juu kabisa nikapanda grandis ya mbegu. Katikati nikaweka maidenii, mlingoti wenye subira na baridi kuliko grandis. Upande wenye udongo uliochoka nikaweka miwati, miti ya jamii ya akasia. Bondeni nikarudisha vinyungu. Hata bila baridi miti hiyo isingefaa pale: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60, na mlingoti unakunywa sana.

Mwati wengi wanaudharau kwa sababu grandis inaupita urefu. Lakini nimewahi kuweka magogo mawili makavu ya ukubwa mmoja kwenye mizani, na la mwati lilizidi wazi. Mteja anayepima kwa ujazo, grandis itakulipa. Mama ntilie anataka kuni inayokaa jikoni, huyo mpelekee mwati. Magome yake nayo yana soko la tanini, dawa ya kutengenezea ngozi; si bure Tanganyika Wattle, kampuni ya miwati, imekuwa hapa Njombe tangu 1949. Mbegu za mwati usisahau kuzimwagia maji yaliyochemka na kuziacha zilale humo usiku kucha, la sivyo utasubiri hadi uchoke. Na ujue kisiki cha mwati hakichipui vizuri. Unajirudisha kwa mbegu zilizolala ardhini, hasa moto ukipita, na unaweza kuvamia malisho ya jirani.

Maidenii niliikata 2022. Nilikata chini, kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki, kisha nikaacha machipukizi mawili tu kila kisiki. Usione huruma hapo. Ukiacha yote sita utavuna fito. Fedha ya mkato wa kwanza ilirudisha gharama zote, hata zile laki tano zilizoungua, na paa la nyumba likapatikana humo humo.

Mabakuli yamebaki 7. Juni hii yako kwa jirani wa ng'ambo ya kijito. Jana alinipigia saa kumi na moja alfajiri kuniambia la tatu kutoka chini limeganda.